Bi Kidole na Chati Isiyo na Bonde

Katika chumba cha upasuaji cha hospitali ile palikuwa na kiti kimoja tu ambacho hakikuandikwa katika orodha ya mali: kigoda cha miguu mitatu, cha mbao ngumu, kilichokaa upande wa kichwa cha kitanda. Kilichongwa na seremala mmoja mwenye subira kwa ajili ya mkewe, na mkewe huyo alikuwa amekikalia kwa miaka kumi na tisa, akiwalaza watu na kuwaamsha. Katika barua ya ajira alikuwa muuguzi wa usingizi. Midomoni mwa watu alikuwa Bi Kidole.

Jina hilo alilipata kihalali. Mgonjwa akishalala, au akishapigwa sindano ya ganzi ya mgongoni, Bi Kidole alimwekea vidole viwili mbele ya sikio, pale mshipa unapodunda chini ya ngozi, na hakuviondoa mpaka mtu yule ashonwe, apanguswe na aweze kutaja jina la mama yake bila kubabaika. Mkono wa pili uliandika. Mashine ya kupimia mapigo na presha ilikuwapo, na ilikuwa nzuri. Ila kengele yake ilizibwa kwa plasta tangu mwaka ilipofika, kwa sababu Daktari wa upasuaji alisema inamkatiza mawazo. Mwanamume akiwa na mawazo ya kukatizwa, nchi nzima hunyamaza. Basi mashine ikabaki kupepesa taa yake nyekundu bila sauti, kama mke wa bwana mkubwa mbele ya wageni.

“Wewe bibie,” Daktari alizoea kumchokoza, “huyo mgonjwa unambembeleza au umemshika asitoroke?”

“Namsikiliza, Daktari. Humu ndani kila mtu anasema, yeye tu ndiye hawezi.”

Mambo yalikwenda hivyo mpaka hospitali ilipoamua kuboresha mambo. Ikaundwa Kamati ya Kuboresha Uangalizi wa Mgonjwa Kabla ya Upasuaji, Wakati wa Upasuaji na Baada ya Upasuaji. Jina lilikuwa refu kiasi kwamba ulikosekana mlango wa kulibandika, hadi ukapatikana mmoja wenye upana wa kutosha: mlango wa chumba cha kuamkia wagonjwa. Mbali na chumba cha upasuaji, hicho ndicho chumba pekee kilichokuwa na bomba la oksijeni ukutani, na ndimo watu walimokuwa wakitazamwa kwa saa mbili za kwanza baada ya kisu. Lakini Kamati ilihitaji ofisi. Vitanda vikatolewa, ikaingizwa meza ndefu, mapazia, birika la umeme na mashine ya kutoa nakala. Tangu siku hiyo wagonjwa wakawa wanaamkia kwenye korido, kati ya benchi la wageni na ndoo ya kupigia deki, huku ndani ya chumba chao watu saba wakijadili kwa uchungu mkubwa namna ya kuwaangalia vizuri zaidi.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Mkurugenzi wa hospitali mwenyewe. Katibu wake alikuwa muuguzi wa pili wa usingizi, mwanamume wa miaka thelathini na kitu ambaye hospitali nzima ilimwita Mwandiko. Mungu alikuwa amempa mkono wa kuandika ambao ungeweza kuandika hati ya kumpeleka mtu jela na mfungwa akaomba nakala aibandike ukutani. Alitembea na rula ya chuma na kalamu za rangi tatu mfukoni, na alipofika kwenye kitanda cha mgonjwa alitazama kwanza kama kuna mahali pa kuegemeza karatasi.

Kamati iliketi vikao vinne kutafuta kipimo cha uangalizi bora. Kuhesabu watu walioamka salama kulionekana kuwa na utata, maana baadhi yao hawakuamka. Ikakubaliwa kuhesabu chati. Chati ni ile karatasi ya miraba ambayo muuguzi wa usingizi huandika humo presha na mapigo ya mgonjwa kila baada ya dakika tano. Chati iliyojaa, Kamati ikaamua, ni mgonjwa aliyeangaliwa. Chati yenye pengo ni mgonjwa aliyetelekezwa.

Mwandiko aliupokea uamuzi huo kama mtu aliyesubiriwa na zama zake. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikaa na orodha ya wagonjwa wa wiki inayofuata, akavuta rula, akawajazia wote chati zao mapema. Presha mia na ishirini kwa themanini. Mapigo sabini na mawili. Mwanzo hadi mwisho, mstari mmoja ulionyooka kama uzi wa mwashi, na chini kabisa maneno yale yale kwa wino wa kijani: “Mgonjwa ametoka salama, anatabasamu.” Jumatatu chati zilikwenda masijala, karani akaziingiza zote kwenye kompyuta, na wiki ikaanza ikiwa imekwisha.

“Ndugu yangu,” Bi Kidole alimuuliza siku ya kwanza alipomkuta katika kazi hiyo, “huyu wa Alhamisi bado yuko kwake anafua nguo. Umeijuaje presha yake?”

“Dada, presha ya mtu mzima inajulikana. Imo vitabuni.”

“Na ikishuka?”

“Ikishuka utaipandisha, si ndiyo kazi yako? Ikipanda, utaishusha. Mwisho wake inarudi hapo hapo nilipoandika. Sasa mimi nimekosea nini?”

Bi Kidole alikuwa amesoma, tena sana, lakini hakuna shule inayomwandaa mtu kujibu hoja ya namna hiyo.

Wakaguzi wakaja. Walizishika chati za Mwandiko kwa ncha za vidole, kama watu wanaochagua kitambaa cha harusi. Hospitali ikapewa asilimia tisini na nane na cheti chenye utepe. Chati moja ilichaguliwa kuwa kielelezo. Jina la mwenyewe likafunikwa kwa kipande cha karatasi nyeupe ili kulinda siri yake, ikatiwa kwenye fremu ya kioo na kutundikwa koridoni, ikiwa na kichwa CHATI YA MFANO na namba ya mgonjwa chini yake: 4417.

Zile asilimia mbili zilizopungua zilikuwa za Bi Kidole, ambaye wagonjwa wake aliwaandikia chati upya kwa mkono wake. Chati zake zilikuwa na vilima na mabonde. Zilikuwa na madoa ya maji ya dripu, mishale, na maneno ya haraka pembeni: “Hapa imeshuka. Nimempa maji, nimempa dawa. Imerudi baada ya dakika nne.” Moja ilikuwa na alama ya kidole cha damu. Mtu mwenye macho angeisoma karatasi ile na kujua kila kilichompata mgonjwa, jambo ambalo, kama Kamati ilivyobaini, halikuwemo katika vigezo.

Barua ilimfikia Jumatatu. Ilisema kwamba katika miezi mitatu wagonjwa kumi na saba wa Bi Kidole walionekana kushukwa na presha, ilhali wa mwenzake hakushukwa hata mmoja. “Kamati inalazimika kujiuliza,” iliendelea barua kwa mwandiko wa kuvutia sana, “ni nini unachowafanyia wagonjwa.” Alitakiwa kufika mbele ya Kamati Jumatano saa nne kamili asubuhi, aeleze kwa nini asihamishiwe stoo ya mashuka. Asiyefika angehesabiwa kuwa amekubali.

Nyumbani barua ilisomwa kwa sauti na wifi yake, dada mkubwa wa seremala, mwalimu mstaafu aliyeishi nao na ambaye hakuwahi kuiona karatasi asiisahihishe.

“Wifi, wamekupata,” alisema, akivua miwani. “Makosa ya herufi hakuna hata moja. Mtu akikuandikia barua safi namna hii, ujue unga wako umemwagika.”

“Wifi, usinichekeshe.”

“Sikuchekeshi, nakuuliza. Ungeandika hizo mia na ishirini zao kama mwenzako, ungeumwa wapi?”

Bi Kidole alikuwa anachambua mboga. “Nikiandika mia na ishirini nitaacha kushika mshipa,” alisema. “Mtu hashiki kitu ambacho jibu lake amekwisha liandika. Yeye yule kijana wa watu si mbaya, wifi. Ameacha tu kushika.”

“Basi nenda zako kwenye mashuka. Shuka halikufii mikononi.”

“Na pale kichwani pa kitanda atakaa nani?”

Mwandiko angekaa, au tuseme rula yake. Seremala, aliyekuwa mlangoni akisugua ubao, akakohoa. “Wakikutoa, mke wangu, kigoda changu nakitaka. Hicho si cha serikali.” Kisha akaona kwamba hakuna aliyecheka, naye hakuwa ametania sana, akarudi kwenye ubao wake.

Jumatano saa tatu na dakika ishirini, barua ikiwa mfukoni na hotuba ikiwa kichwani, Bi Kidole aliingia koridoni na kumkuta fundi viatu amejikunja kwenye benchi.

Fundi huyu alikuwa na kibanda chake nje ya lango la hospitali. Nusu ya soli zilizokanyaga sakafu ile alizishona yeye. Miezi mitatu nyuma alikuwa katika orodha ya kupasuliwa ngiri. Alifika mpaka mlangoni pa chumba cha upasuaji, Bi Kidole akamuuliza swali analomuuliza kila mtu, umekula nini leo, naye fundi akajibu kwa moyo mweupe: “Chai tu, dada, na mkate kidogo hivi,” akionyesha kwa mikono kipande chenye urefu wa soli ya buti. Akarudishwa nyumbani apangiwe siku nyingine, kwa sababu chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kumpalia mtu aliyelazwa. Tangu hapo alikuwa akiifuata hiyo siku nyingine masijala, na karani wa masijala alikuwa akimpa jibu moja.

“Mzee, kompyuta inasema umeshapasuliwa.”

“Imeniona wapi hiyo kompyuta? Ngiri yangu hii hapa, nikuonyeshe?”

“Usinionyeshe chochote. Mimi sibishani na mashine. Niletee barua ya kuthibitisha kwamba hukupasuliwa.”

“Nimwombe nani?”

“Daktari ambaye hakukupasua.”

Fundi alikuwa amewazungukia madaktari watatu ambao kwa kweli hawakumpasua, na kila mmoja alikataa kuandika barua juu ya jambo asilolifanya. Siku hiyo ngiri ilitoka alfajiri, ikawa ngumu kama kokoto, ikakataa katakata kurudi ndani. Alikuwa ametapika mara mbili. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye masikio.

Bi Kidole aliinama, akaweka vidole vyake viwili mahali pake. Mapigo yalikuwa yanakimbia. Aliichukua kadi ya hospitali iliyokuwa imekunjamana mkononi mwa fundi, akasoma namba, kisha macho yake yakapanda yenyewe ukutani, juu ya benchi, kwenye fremu ya kioo.

“Fundi, hii 4417 ni namba yako?”

“Ndiyo yangu, dada. Kwani hicho kilichotundikwa hapo ni nini?”

“Ni wewe,” alisema Bi Kidole. “Unatabasamu.”

Itakuwa unafiki kusema kwamba wazo halikumjia. Saa nne ilikuwa imebakiza dakika arobaini. Angeiondoa ile fremu kwenye msumari, angemshika fundi mkono, angeingia navyo ndani ya Kamati na kuviweka mezani katikati ya vikombe. Na hapo hakuna ambaye angethubutu kumtajia mashuka tena. Mambo yote aliyoyapanga kusema katika hotuba yake yalikuwa yamelala kwenye benchi moja, yanaugua. Lakini utumbo uliobanwa katika tundu la ngiri unanyimwa damu, na usipofunguliwa mapema unaoza. Kikao kingechukua saa mbili, achilia mbali maombi ya ufunguzi. Akamwita Daktari.

Daktari alikuja akimalizia chai, akamfunua fundi shati, akakunja uso. “Huyu si nilisikia keshapasuliwa? Nani aliyempasua vibaya namna hii?”

“Wewe, Daktari.”

“Mimi?”

“Kwa mujibu wa chati. Ulitumia dakika arobaini na tano. Imetundikwa hapo juu, tafadhali soma.”

Daktari akasoma. Aliisoma mara ya pili, kikombe kikiwa kimeinama bila yeye kujua, na chai ikimdondokea kiatuni. Mtu mwenye majivuno unaweza kumvumilisha mambo mengi, lakini si kumsingizia kazi mbaya. “Mwingize ndani,” alisema kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. “Sasa hivi.”

Mlangoni mwa Kamati Mwandiko alikuwa amekwisha vaa tai.

“Ndugu yangu, nina mtu wa dharura,” Bi Kidole alimwambia. “Njoo ukae naye wewe, nijibu mashitaka yangu. Au waambie wanisubiri.”

“Dada, leo mimi ni katibu. Siwezi kuwa katibu na muuguzi kwa wakati mmoja.”

“Hilo nimeliona siku nyingi.”

“Saa nne ikifika nitaandika hukufika. Usinilaumu. Karatasi haina ndugu.”

“Andika,” alisema Bi Kidole, akageuza kitanda ambacho fundi alikuwa amekwisha lazwa juu yake.

Fundi alipigwa sindano ya mgongoni, akalazwa, na baada ya dakika chache akaanza kuwa mtu wa kawaida, yaani msemaji.

“Dada, miguu yangu iko wapi? Siisikii.”

“Ipo, fundi. Imelala.”

“Uiangalie vizuri. Nikipoteza mkono nitashonea meno, lakini fundi viatu asiye na miguu ni tangazo baya.”

Daktari alikata. Bi Kidole alikaa kwenye kigoda chake, vidole mbele ya sikio, kalamu mkono wa pili. Saa ya ukutani ilisoma saa nne na robo. Kwenye chumba cha jirani alikuwa amekwisha hesabiwa kuwa amekubali. Fundi akasimulia habari za kiatu kimoja cha Mkurugenzi, cha kushoto, ambacho kilikuwa kikilika kisiginoni zaidi ya cha kulia, na falsafa yake juu ya watu wa namna hiyo. Alifika mahali pa utamu, akanyamaza.

Mashine ilionyesha mia na kumi kwa sabini. Ilikuwa imepima dakika mbili nyuma, na isingepima tena mpaka dakika tatu mbele. Katikati hapo ilijivunia habari za zamani. Lakini chini ya vidole mshipa ulikuwa unapotea. Mapigo yalipungua, yakawa kama ya mtu anayepanda ngazi akasahau alikuwa anaelekea wapi.

“Daktari, mkono juu.”

“Hapa nimefika pabaya, bibie, ngoja ni—”

“Mkono juu, nimesema!”

Daktari aliinua mikono yote miwili kama mtu aliyekutwa na polisi. Bi Kidole alifungulia maji ya dripu mpaka mwisho, akasukuma dawa kwenye mshipa, akamvalisha fundi kinyago cha oksijeni, akabonyeza mashine ipime upya. Kisha, kwa kucha, akabandua ile plasta ya miaka mingi. Kengele ikalia. Ililia kwa sauti ya kitu kilichokuwa na mengi ya kusema. Sabini kwa arobaini. Hakuna aliyelalamika kwamba mawazo yake yamekatizwa.

“Fundi! Mama yako anaitwa nani?”

Kimya.

“Fundi viatu! Kile kiatu cha kushoto, kimekuwaje?”

“…Kinalika,” alisema fundi kutoka mbali, “kwa sababu anajiegemeza.”

Presha ilirudi taratibu: themanini, tisini, mia na kidogo. Bi Kidole aliandika yote, bonde lote na kina chake, kalamu ikikwaruza. Utumbo ulipofunguliwa ulikuwa bado mwekundu wenye uhai, haukuhitaji kukatwa. Daktari alishona, akimtupia jicho mwanamke wa kwenye kigoda kila baada ya mshono.

Walitoka koridoni saa tano na robo. Presha ya fundi ilikuwa bado inayumba, na midomo yake haikuwa na rangi ambayo Bi Kidole aliipenda. Akafungua mtungi wa oksijeni wa koridoni. Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Juu ya mtungi ilining'inia fomu ya ukaguzi wa kila siku, imejazwa alama za vema kwa wino wa kijani mpaka Ijumaa ijayo.

Bi Kidole aliutazama mlango wenye jina refu. Akashika kitanda kwa upande wa kichwa. Daktari, bado amevaa glovu, akashika upande wa miguu.

Kamati ilikuwa kwenye biskuti. Watu saba waligeuka kwa pamoja kitanda kilipougonga mlango na kuingia, na dripu ikining'inia juu yake kama bendera.

“Bibi,” alisema Mkurugenzi, “uliitwa saa nne. Tumekwisha pitisha. Stoo ya mashuka inakungoja.”

“Hongereni. Naomba mnipishe, bomba la hewa liko nyuma ya hiyo mashine ya nakala.”

“Kuna utaratibu wa kuomba chumba hiki,” alisema Mwandiko akisimama. “Kuna fomu.”

“Ndugu yangu, sogeza meza.”

Kilichowashangaza wote, na pengine yeye mwenyewe, ni kwamba Mwandiko aliitazama midomo ya fundi, akaacha kalamu na kusogeza meza. Mikono yake ilikuwa bado inakumbuka. Birika la umeme lilichomolewa ili mashine ya presha ichomekwe, kinyago kikaunganishwa ukutani, mapazia yakafunguliwa ili rangi ya mtu ionekane. Daktari alitoka, akarudi amebeba kigoda cha miguu mitatu, yeye mwenyewe, mbele ya macho ya watu, akakiweka chini. Bi Kidole akakaa. Vidole vikarudi mahali pake.

Baada ya dakika kadhaa fundi alifumbua macho, akaona tai saba. “Dada, hawa ni nani? Nimekufa?”

“Hujafa. Hii ni Kamati ya kukuangalia wewe.”

“Aa.” Fundi aliwatazama mmoja mmoja. “Mbona wote wanatazama makaratasi?”

Fundi akaendelea, maana alikuwa amerudiwa na ulimi. “Mimi ndiye 4417, waheshimiwa. Yule wa kwenye kioo hapo nje. Mmeandika nilitabasamu. Siku ile mimi nilikunywa chai, nikarudishwa nyumbani. Kama kuna mtu alitabasamu, basi alikuwa mwingine.”

Mkurugenzi aligeuka polepole kumtazama katibu wake. Mwandiko alikuwa amekwisha ishika kalamu tena, na pamoja na kalamu ilimrudia akili. “Mheshimiwa Mwenyekiti, chati ile iliandaliwa kwa mgonjwa aliyetarajiwa. Kasoro iliyojitokeza ni ya mgonjwa kutojitokeza.”

“Hiyo iingie kwenye muhtasari,” alisema Mkurugenzi, akashusha pumzi.

“Iingie na hii,” alisema Daktari. “Leo presha ya mtu huyu ilishuka mpaka sabini kwa arobaini, na kidole cha huyu mama kilijua kabla ya mashine, na kabla yangu. Mkimpeleka kwenye mashuka, mimi sikati mtu. Liandikeni hilo bila rula.”

Hospitali haikuwahi kuomba radhi. Uhamisho “ulisitishwa kwa muda,” na muda wenyewe haukutajwa. Fremu iliteremshwa kwa ajili ya kusafishwa kioo, ukabaki msumari. Mwandiko alipandishwa cheo, akapelekwa makao makuu kuwafundisha wengine ujazaji bora wa chati. Mkurugenzi alimwita Bi Kidole, akamwomba kwa upole chati ya fundi viatu, ile ya kweli, ili itundikwe. Ila kwanza ainakili kwa usafi, na lile bonde la katikati, kama inawezekana, alifukie kidogo. Bi Kidole aliirudisha kwenye faili na doa lake la dripu.

Chumba cha kuamkia hakikurudishwa rasmi pia. Bi Kidole hakuomba. Kila alipomaliza mgonjwa alimsukuma humo, kikao kiwepo kisiwepo, akasema “nipisheni” na kukaa. Kamati ilisogea kwanza pembeni, kisha dirishani, kisha ikalalamika kwamba kengele inakatiza mjadala. Mwezi haukuisha ikahamia mahali penye utulivu na rafu za kutosha: stoo ya mashuka. Hadi leo inaketi humo, na mahudhurio yake ni asilimia mia.

Fundi alipopata nguvu alikuja na mto wa ngozi alioushona kwa mkono, wa kukalia juu ya kigoda.

“Umepita masijala wakufungie faili?” Bi Kidole alimuuliza.

“Nimepita. Karani kaniambia sasa kompyuta inasema nimepasuliwa mara mbili, na ya tatu hairuhusiwi.”

Bi Kidole alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha aliufunga mto kwenye kigoda kwa kamba zake, akaketi kuujaribu, akageukia mlango ambapo mama mmoja mnene alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, anatazama dari kwa hofu.

“Karibu, mama. Umekula nini leo?”

“Sijala kitu, mwanangu.”

Bi Kidole alimwekea vidole viwili mbele ya sikio, akainama akanusa kidogo. “Na hiyo harufu ya chai?”

“Hiyo?” alisema mama yule. “Hiyo nimenusa tu.”

Akarudishwa nyumbani. Kwenye chati yake Bi Kidole hakuandika kitu.